Peter Medawar: Mtoto wa wakala wa biashara aliyegundua kwa nini mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine

Nicholas Medawar alikuwa mtu wa Jounieh, mji wa pwani ya Lebanon. Alichukua uraia wa Uingereza, kisha akavuka bahari hadi Brazil kuwa wakala wa kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza vifaa vya madaktari wa meno. Huko Brazil, tarehe 28 Februari 1915, mkewe Mwingereza, Edith, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Peter Brian. Mtoto huyo hakurithi biashara ya baba. Alikuja kuwa mwanasayansi ambaye kazi yake inamgusa kila mgonjwa anayepewa ini, figo au moyo wa mtu mwingine, ingawa yeye hakuwa daktari wa tiba bali mtaalamu wa elimu ya wanyama.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, familia ilihamia Uingereza. Peter alikuwa na uraia wa nchi mbili, wa Brazil kwa kuzaliwa na wa Uingereza kwa wazazi. Alipofika umri wa kutumikia jeshi, Brazil ilimtaka aende akavae sare. Aliomba asamehewe kwa kuwa yuko masomoni, akakataliwa, na uraia ule ukapotea. Wanaopita mipakani kila wiki wanaijua hali hiyo, ambapo mtu hubaki yuleyule na karatasi ndizo zinazobadilika.

Alisoma Marlborough, shule ya bweni aliyoichukia hadi uzeeni. Mwaka 1932 aliingia Chuo cha Magdalen, Oxford, akasoma elimu ya wanyama na mwaka 1935 akafaulu kwa daraja la kwanza. Alibaki hapo kufanya utafiti katika maabara ya Howard Florey, yule ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kuifanya penisilini kuwa dawa. Mwaka 1937 alimwoa Jean Taylor, mwanafunzi mwenzake. Ndugu wa binti hawakufurahi. Waliona kijana huyu wa damu ya Kilebanoni hana ukoo wala fedha. Walizaa watoto wanne na wakaishi pamoja miaka 50.

Fedha kweli hazikuwapo. Kazi yake ya shahada ya udaktari wa falsafa ilikubaliwa, lakini hakuichukua shahada yenyewe. Ada ya kutunukiwa ilikuwa ghali kwake, na wakati huohuo alihitaji kupasuliwa kidole tumbo. Akachagua upasuaji.

Mambo yaligeuka mwaka 1940. Siku moja ya majira ya joto, Medawar akiwa nyumbani Oxford na familia yake, ndege ya kivita ilianguka karibu na hapo na kulipuka. Rubani alitolewa akiwa hai, ngozi yake imeungua sehemu kubwa ya mwili. Madaktari walimwita Medawar na kumtaka mawazo. Tatizo lilikuwa wazi. Ngozi nzima iliyobaki kwa majeruhi haikutosha kufunika vidonda, na ngozi ya mtu mwingine ikibandikwa hushika siku chache, kisha hunyauka na kuanguka. Kila daktari wa upasuaji aliliona hilo, lakini hakuna aliyekuwa na maelezo ya kuridhisha. Medawar alihangaika kutafuta njia za kuzidisha kipande kidogo cha ngozi kitoshe eneo kubwa, na njia zote hizo zilishindwa. Kilichobaki ni swali lenyewe: kwa nini ngozi ya jirani, hata ya ndugu, haikai?

Serikali ilikuwa na askari na raia wengi walioungua, hivyo swali hilo lilipewa fedha. Medawar alipelekwa Glasgow, Scotland, katika hospitali kuu ya mji huo, akafanye kazi na daktari wa upasuaji Thomas Gibson. Walipokea mwanamke kijana aliyeungua vibaya. Walichukua vipande vidogo vya ngozi yake mwenyewe wakavipanda kwenye kidonda, na kando yake wakapanda vipande vilivyotoka kwa kaka yake. Vya kwake vilishika. Vya kaka vilishika kwa muda, vikaanza kuvimba na kuharibika, vikafa. Kisha wakapanda tena vipande vya kaka yuleyule. Safari hii havikupata hata muda ule wa mwanzo. Viliharibika haraka zaidi.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Kama ngozi ingekufa kwa sababu ya upungufu wa damu au kwa ufundi mbaya wa mkono, mara ya pili ingechukua muda uleule. Kufa haraka zaidi kulimaanisha mwili una kumbukumbu. Ulikuwa umekutana na ngozi ya kaka, ukaitambua kuwa ngeni, ukajiandaa. Ndivyo mwili ufanyavyo kwa surua: mtu akishaugua mara moja, vimelea wakirudi hukuta ulinzi uko tayari. Gibson na Medawar walichapisha matokeo hayo mwaka 1943.

Medawar alirudi Oxford akarudia jambo lilelile kwa sungura, mmoja baada ya mwingine, kwa mamia ya vipandikizi vya ngozi. Alipima ukubwa wa kipande, siku zilizopita, na nani amempa nani. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Wengine wangetosheka na mgonjwa mmoja wa Glasgow na kutangaza ugunduzi. Yeye alitaka hesabu zikubali, na zilikubali: kila mnyama alikataa ngozi ya mwenzake, na mara ya pili alikataa haraka zaidi kuliko mara ya kwanza. Kuanzia hapo ikajulikana kwamba kukataliwa kwa kiungo ni kazi ya kinga ya mwili, hasa chembe nyeupe za damu. Kwa daktari wa upasuaji habari hiyo ilikuwa mbaya, kwa maana hakuna ustadi wa kisu unaoweza kuishinda. Lakini ilifungua mlango mwingine, kwani kinga inaweza kufundishwa, na inaweza kupunguzwa nguvu.

Mlango huo ulifunguliwa na ng'ombe. Medawar alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1947 kuwa profesa. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa wataalamu huko Stockholm, mtafiti wa mifugo, Hugh Donald, alimuuliza namna ya kutofautisha ndama pacha wanaofanana kabisa na pacha wa kawaida. Medawar alijibu bila wasiwasi kwamba njia ni rahisi: badilisheni ngozi zao, pacha wa kawaida watakataana. Akaahidi kwenda mwenyewe. Yeye na mwanafunzi wake Rupert Billingham walikuwa wakiendesha gari kutoka Birmingham hadi shambani Staffordshire, wakishika ndama na kubandika vipande vya ngozi masikioni na mabegani. Matokeo yaliwashangaza. Karibu ndama pacha wote walipokeana ngozi, hata dume na jike, ambao hawawezi kuwa pacha wa kufanana.

Maelezo yalikuwa yamekwisha kuandikwa Marekani mwaka 1945 na Ray Owen wa Wisconsin, ila hawakuwa wamehusianisha mambo hayo mawili. Ndama pacha tumboni huchangia mishipa ya kondo la nyuma, damu zao zikachanganyika kabla ya kuzaliwa. Kila mmoja hukua akiwa na chembe za mwenzake ndani yake, na kinga yake inapokomaa huzihesabu chembe hizo kuwa za nyumbani. Nchini Australia, Frank Macfarlane Burnet alikuwa amependekeza kinadharia kwamba mwili hujifunza kutambua kilicho chake wakati bado uko tumboni.

Mwaka 1951 Medawar alihamia University College, London, akamchukua Billingham pamoja na kijana mwingine, Leslie Brent. Brent alikuwa Myahudi aliyetolewa Ujerumani akiwa mtoto mwaka 1938 kwenye zile safari za kuwaokoa watoto. Wazazi wake waliuawa na Wanazi. Watatu hao waliamua kufanya kwa makusudi kile ambacho maumbile yaliwafanyia ndama. Walichukua panya wajawazito wa ukoo wa rangi ya kahawia, wakawadunga watoto waliomo tumboni chembe za panya wa ukoo mweupe. Watoto wakazaliwa, wakakua, kisha wakabandikwa ngozi ya panya weupe. Baadhi yao waliipokea. Panya wa kahawia wakatembea na kiraka cha manyoya meupe mgongoni, na kiraka hicho hakikuanguka.

Hawakutumia dawa, na kinga ya panya hao haikuwa dhaifu, kwani ngozi ya ukoo wa tatu waliikataa kama kawaida. Taarifa yao ilitoka mwaka 1953. Kwa mara ya kwanza ilionyeshwa kwamba ukuta kati ya mwili mmoja na mwingine unaweza kuvukwa, angalau kwa panya ambaye hajazaliwa.

Mwaka 1960 Medawar na Burnet walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Billingham na Brent hawakutajwa. Medawar aligawa fungu lake la fedha akawapelekea wote wawili sehemu, kwa kuwa kazi ilikuwa ya watu watatu. Katika biashara yoyote ya ushirika jambo hilo lingeonekana la kawaida. Katika sayansi si la kawaida sana.

Yapo mambo ambayo hakuyaona mbele. Katika miaka ya 1950 alitoa mhadhara Oxford juu ya panya wake, na kijana mmoja mwanafunzi wa upasuaji, Roy Calne, alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Swali likaulizwa kama jambo hili lina matumizi yoyote kwa wagonjwa. Medawar alijibu kwamba halina kabisa. Kwa siku zile jibu lilikuwa la haki, maana hakuna mgonjwa anayeweza kurudishwa tumboni kwa mama yake akafundishwe upya. Calne hakukubaliana nalo. Alikwenda kutafuta dawa ya kupunguza nguvu za kinga kwa mtu mzima, akawa miongoni mwa waliofanya azathioprini iingie katika upandikizaji wa figo.

Ini lilikuwa gumu kuliko figo. Figo mbili zikishindwa, mashine ya kusafisha damu humweka mgonjwa hai. Ini likishindwa hakuna mashine ya kusimama mahali pake kwa miezi. Tarehe 1 Machi 1963, huko Denver, Marekani, Thomas Starzl alijaribu kumpandikizia ini mtoto mdogo, na mtoto akafa kwa kutokwa damu kabla upasuaji haujakwisha. Waliofuata waliishi kwa muda mfupi tu. Kazi ikasimamishwa miaka kadhaa.

Wakati huo Medawar alikuwa Mill Hill, London, akiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba tangu mwaka 1962. Kuongoza taasisi hakukumtoa maabara. Akiwa na wenzake alichunguza silaha mpya: mnyama wa aina moja anadungwa chembe nyeupe za mnyama wa aina nyingine, anatengeneza kingamwili dhidi yake, kisha maji ya damu yake yanachujwa na kudungwa mpokeaji wa ngozi. Kingamwili hizo huziangusha chembe nyeupe za mpokeaji, na ngozi hudumu muda mrefu zaidi. Starzl alitumia dawa ya namna hiyo iliyotokana na farasi, pamoja na azathioprini na prednisoni, aliporudia upandikizaji wa ini mwaka 1967. Safari hii wapo wagonjwa waliovuka mwaka. Mwaka 1968 Calne alianza kazi hiyo Cambridge.

Calne pia aliona jambo katika nguruwe lililowarudisha watu kwa panya wa Medawar. Nguruwe aliyepewa ini la mwenzake mara nyingi aliishi bila dawa yoyote, na baadhi yao walipokea pia ngozi au figo ya nguruwe yuleyule aliyetoa ini. Ini lina tabia ya kuituliza kinga. Kwa binadamu utulivu huo haufiki mbali hivyo, lakini ndiyo sababu mgonjwa wa ini kwa kawaida huhitaji dawa kidogo kuliko mgonjwa wa moyo, na baadhi ya wagonjwa wa ini wameweza kuachishwa dawa kabisa chini ya uangalizi wa karibu.

Septemba 1969, Medawar akiwa rais wa Jumuiya ya Uingereza ya Maendeleo ya Sayansi, alisimama katika kanisa kuu la Exeter kusoma somo la siku. Akiwa hapo mbele ya watu alipatwa na kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 54, mrefu, mwenye nguvu, mpenda kriketi na opera. Upande wa kushoto ulipooza, na macho yake hayakuona vizuri tena upande huo. Mwaka 1971 aliacha uongozi wa Mill Hill, lakini hakuacha kazi. Alihamia kituo cha utafiti cha Northwick Park, Harrow, akaendelea na majaribio kwa mikono ya wasaidizi. Alitembea kwa fimbo, akavaa kifaa cha kushikilia mguu. Vitabu vyake vingi vinavyosomwa hadi leo, pamoja na ushauri wake kwa wanasayansi vijana uliotoka mwaka 1979, aliviandika akiwa katika hali hiyo. Jean alikuwa dereva, katibu na mshirika wa uandishi. Wanaomsifu Medawar peke yake kwa miaka hiyo wanakosea hesabu.

Katika miaka hiyohiyo dawa iliyokosekana ilipatikana udongoni. Kampuni ya Sandoz ya Uswisi iliwataka wafanyakazi wake walio safarini walete vifuko vya udongo. Udongo mmoja kutoka nyanda za Hardangervidda, Norway, ulikuwa na ukungu uliotoa kitu kinachozuia chembe nyeupe bila kuua uboho. Kitu hicho ni siklosporini. Calne alianza kuwapa wagonjwa mwaka 1978. Kabla yake, kati ya wagonjwa watatu waliopewa ini, takriban mmoja tu ndiye aliyefikisha mwaka. Starzl alipoitumia mwanzoni mwa miaka ya 1980, hesabu ilielekea kuwa wawili kati ya watatu au zaidi. Mwaka 1983 jopo la wataalamu wa Marekani lilitamka kwamba kupandikiza ini si jaribio tena bali ni tiba. Medawar aliiona siku hiyo.

Dawa iliyoifuata, takrolimasi, nayo ilitoka udongoni, huko Tsukuba, Japani. Leo ndiyo nguzo ya matibabu ya wagonjwa wengi wa ini, na pamoja nayo bado lipo tatizo ambalo Medawar alilieleza Glasgow. Mwili unakumbuka. Anayepewa ini kwa mara ya pili, au ambaye ini lake la kwanza liliharibiwa na kinga yake mwenyewe, huingia chumba cha upasuaji akiwa na askari walioamka. Kijana anayeruka vidonge yuko hatarini vilevile, hata kama upasuaji ulikwenda salama. Madaktari huongeza dozi kwa watu wa namna hiyo, au huchanganya dawa mbili tatu.

Ugumu ni kwamba takrolimasi huumiza figo. Mgonjwa wa ini ambaye figo zake tayari ni dhaifu akipewa dozi kubwa, ataokoa ini na kupoteza figo. Kwa hiyo wengi huanzishiwa basiliksimabu, kingamwili inayodungwa siku ya upasuaji na tena siku ya nne, ili kinga ilale kwa wiki za kwanza huku takrolimasi ikicheleweshwa na kuanza kwa kiasi kidogo. Mikofenoleti na dawa za jamii ya prednisoloni hujaza pengo. Damu hupimwa mara kwa mara. Vimeng'enya vya ini vikipanda, kipande kidogo cha ini huchukuliwa kwa sindano kikatazamwe, na ikithibitika kwamba ini linakataliwa, mgonjwa hupewa dozi kubwa za steroidi kwa siku chache.

Na kinga iliyolazwa hailindi. Kifua kikuu kilichokuwa kimejificha kinaweza kuamka, na rifampisini inayokitibu huiondoa takrolimasi mwilini haraka hadi ini likabaki bila ulinzi. Juisi ya balungi hufanya kinyume, huipandisha dawa hadi kiwango cha sumu. Ndiyo maana mgonjwa wa ini haanzi dawa yoyote, ya duka wala ya mitishamba, kabla ya kumuuliza daktari wake, na vidonge vyake hubeba mkononi, si kwenye mzigo unaoweza kubaki kituoni.

Ndoto ya mwaka 1953, mwili upokee kiungo kigeni bila dawa na bado uweze kupigana na maradhi, haijatimia kwa wagonjwa walio wengi. Majaribio yanayoendelea sasa kwa kutumia chembe maalumu za kutuliza kinga yanamfuata panya yule mwenye kiraka cheupe.

Viharusi vingine vilimrudia Medawar katika miaka ya 1980. Alichapisha simulizi ya maisha yake mwaka 1986. Alifariki dunia tarehe 2 Oktoba 1987, akiwa na umri wa miaka 72, katika hospitali ya Royal Free, London, ambako Sheila Sherlock alikuwa amejenga idara mashuhuri ya magonjwa ya ini, na ambayo baadaye ikawa moja ya vituo vya Uingereza vya kupandikiza ini. Alizikwa Alfriston, kijiji cha Sussex.